Jozani, Pete na Ghuba ya Chwaka: angalia maji kwanza, wanyama baadaye

#1 HoriLaMapopwe

Assalaam aleykum wanajamvi.

Swali la "niende Jozani saa ngapi" linarudi humu kila msimu, na kila mara majibu yanakuwa ya kima peke yake. Hifadhi ile si ya kima tu. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004 ilichukua karibu kilomita za mraba 50, na imekaa kwenye kiuno chembamba cha Unguja: upande mmoja Ghuba ya Chwaka, upande wa pili hori la Pete, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Bahari inaingia na kutoka kotekote, na katikati kuna msitu uliosimama juu ya maji ya chini ya ardhi. Anayekwenda bila kujua maji yako wapi siku hiyo ataona nusu ya kilichopo, au robo.

Hesabu ni nyepesi kwa anayefuata mwezi wa Kiislamu. Mwezi 14 au 15, na pale mwezi unapoandama, ni bamvua, yaani maji makubwa. Maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Ukifika mwezi 7 au 22 yanajaa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na hayo ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana. Kwenye bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi. Kwenye maji mafu haifiki nusu ya hiyo. Kama mwezi uliandama siku moja mbele au nyuma ya hesabu yako, ongeza au punguza hizo dakika 50. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji la bandari ya Unguja, lakini akumbuke kuwa ndani ya mahori maji huchelewa kuliko nje.

Sasa ipange siku ya bamvua hivi. Saa moja mpaka saa tatu na nusu asubuhi uwe msituni, kima wanakula. Saa nne uwe kwenye njia ya mbao ya mikoko upande wa Pete, maji yamekupwa, mizizi iko wazi, kaa wametoka. Kisha sala na chakula, na acha saa nzima ya barabara kuzunguka mpaka Chwaka. Saa nane alasiri uwe pwani ya Chwaka maji yakipanda, ndege wanasukumwa kuja kwako. Siku moja, sehemu tatu, na kila moja umeifika kwa wakati wake.

Ukiipindua, uanze na mikoko saa moja asubuhi na umalizie msituni saa saba, utakuta maji bado yamesimama kwenye mizizi, halafu utakuta kima wamelala.

#2 BintiMakunduchi

Waaleykum salaam. Ahsante Hori kwa maelezo. Mimi nina wanafunzi 36 wa darasa la sita na siku ya safari imeshapangwa, inaangukia mwezi 8. Haibadiliki. Ndiyo kusema mikoko tuiache?

#3 HoriLaMapopwe

Msiiache, Mwalimu. Mwezi 8 ni maji mafu, na maji mafu hayafiki juu kabisa kwenye mikandaa, ile mikoko ya upande wa nchi kavu. Sehemu ya nchi kavu ya njia ya mbao inabaki tope siku nzima, hata yakijaa. Kwa watoto ni afadhali, hamkimbizwi na maji. Tatizo lake ni jua. Tope lisilofunikwa na maji linapata moto, na kaa wanarudi mashimoni ikifika saa tano. Kwa hiyo anzeni na mikoko saa mbili, msitu uwe wa pili.

Watoto 36 msiwaingize pamoja. Mbao zinatikisika, na kaa wanahisi mtikisiko kabla hawajaona mtu. Wagawe makundi manne ya tisa, kila kundi na mtu mzima wake, dakika 25 kila moja. Kundi likifika pazuri lisimame kimya dakika tatu kwa saa. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili yanatoka magando. Ya tatu tope zima linatembea.

Wape kazi ya mizizi, watajifunza mti bila kitabu:

Mkoko magondi una mizizi ya magongo inayotoka shinani na kupinda mpaka chini, kama miguu ya buibui.
Msinzi una mizizi inayoinuka na kurudi chini, kama magoti ya mtu aliyekaa.
Mchu una mizizi myembamba iliyosimama juu ya tope kama penseli, mamia kwa mamia, na majani yake ukiyalamba yana chumvi.
Mlilana nao unasimamisha mizizi, lakini ni minene chini na imechongoka juu. Huu utauona zaidi upande wa bahari.

Mkandaa ndio mti mdogo wenye shina lililotanuka chini, unaopatikana kwa wingi upande wa juu karibu na wangwa. Sababu ya mizizi kutoka nje ni moja kwa miti yote: tope halina hewa, mti unavutia hewa juu.

#4 Mtondoo_71

Niongeze upande wa msitu, maana Hori amegusia maji ya chini ya ardhi akapita.

Msitu wa Jozani uko bondeni, juu ya jiwe la matumbawe, na maji yako karibu mno na uso wa ardhi. Ndiyo maana miti mirefu kama mitondoo, mizambarau, michikichi na mikadi imejaa pale, na ukitoka hatua chache kuelekea maweni miti inageuka kuwa vichaka vya kimo cha mtu. Masika, baina ya Machi na Mei, maji yanapanda juu ya ardhi. Njia zinazama, mahali pengine mpaka magotini. Viatu vya kufunga kamba havifai. Vaa gambuti, na uulize langoni njia ipi iko wazi kabla hujalipia matembezi marefu. Mbu wa miezi hiyo ni wengi. Funga suruali ndani ya soksi kwa ajili yao na kwa ajili ya siafu, ambao mvua inawatoa chini na kuwapandisha njiani. Pembeni mwa njia kuna upupu, kwa hiyo usishikeshike matawi.

Kima wako wa aina mbili na watu wanawachanganya. Kima punju ana mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, uso mweusi wenye nywele nyeupe ndefu zilizosimama kuuzunguka, na midomo na pua ya rangi ya waridi. Mtazame mkono: vidole vinne, gumba limebaki kibutu tu. Kima wa kawaida ni wa kijivu chenye ukijani, ana weupe kooni, na ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Mara nyingi wanatembea pamoja, kwa hiyo ukimwona mmoja mtafute wa pili.

Kima punju hapatikani porini popote duniani ila Unguja, pamoja na kundi dogo lililopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hesabu iliyotangazwa miaka ya karibuni ilipata zaidi ya 5,800. Ni wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini sehemu yao wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye mashamba na vichaka vinavyokatwa.

#5 MgeniWaDar

Habari za huku wakuu. Nimeambiwa na dereva kwamba hata nikifika saa saba mchana kima nitawaona tu, wanakaa karibu na lango. Pia nimeona video watu wanawapa ndizi mbivu. Hiyo inaruhusiwa?

#6 Mtondoo_71

Karibu Unguja, ndugu. Dereva hajakudanganya, utawaona. Utawaona wamelala. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa wanapumzika juu kwenye uma wa tawi, mkia unaning'inia, wanasaga walichokula. Ukitaka kuwaona wanashuka, wanagombana, watoto wanacheza, njoo kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Ikinyesha wanajikunyata tu. Subiri ikatike, nusu saa baadaye wanaanza kula kwa pupa.

Ndizi: hairuhusiwi, na sababu iko tumboni. Tumbo la kima punju limegawanyika vyumba na ndani yake kuna vijidudu vinavyochachusha majani, karibu na vile tumbo la mbuzi linavyofanya kazi. Chakula chake ni majani machanga, vichipukizi, maua na matunda mabichi. Tunda bivu lina sukari nyingi. Sukari ikichacha tumboni kwa haraka inaleta asidi na gesi, na mnyama anaugua. Anayempa ndizi anadhani anafanya wema.

Jambo jingine linalofaa kutazamwa: makaa. Kima wanaoishi kwenye mashamba karibu na Jozani wanakula majani ya mikungu na miembe. Yana lishe nzuri lakini yana pia vitu vikali vinavyozuia mmeng'enyo. Basi wanateremka kwenye matanuri ya mkaa na visiki vilivyoungua, wanachukua kipande cha kaa la moto lililozimika, wanatafuna. Mkaa unanasa vile vikali na kuviacha vitoke. Watoto wanajifunza kwa mama zao. Ukiona kima kashika kitu cheusi mkononi, usimfukuze kwa kudhani kaiba. Tulia upate picha ambayo wengi hawana.

Umbali: hatua kumi za mtu mzima, mita saba hivi. Wao wakikusogelea, wewe rudi nyuma. Mwenye mafua au kikohozi asiingie siku hiyo, maana magonjwa yetu ya kifua yanawapata na wao.

Na mwambie dereva apunguze mwendo. Barabara ilipowekwa lami upya miaka ya 1990 kima wengi walikufa kwa magari pale mbele ya lango, ndipo matuta yakawekwa. Matuta yamesaidia sana, lakini baina ya tuta na tuta bado watu wanakanyaga mafuta. Kima punju akivuka anavuka kundi zima. Wa kwanza akishapita, wa nyuma bado wanakuja, na wa mwisho mara nyingi ni mama mwenye mtoto.

#7 LenziYaNgambo

Kwa wapiga picha, makosa matatu yanajirudia.

La kwanza ni ukungu kwenye lenzi. Kamera inatoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi, inaingia kwenye joto la unyevu la Jozani, kioo kinatoka jasho. Ukifuta, inarudi. Dawa ni kuiacha ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 20 mpaka 30 ipate joto la nje ndipo uifungue. Zimeni kiyoyozi cha gari mkifika Tunguu, mtakuwa mmeshamaliza tatizo kabla ya lango.

La pili ni mwanga. Kima ana uso mweusi na nywele nyeupe, na nyuma yake kuna mbingu inayong'aa baina ya majani. Kamera ikijipimia yenyewe inapima mbingu, uso unakuwa shimo jeusi. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu. Au sogea wewe, uwe na majani nyuma ya mnyama badala ya mbingu. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 1600 mpaka 3200 ni ya kawaida mle ndani, kasi isishuke chini ya 1/500 kama wanaruka. Taa ya kamera izimwe kabisa.

La tatu, chumvi. Ukitoka kwenye mikoko au mashuani, usifute lenzi kwa kitambaa kikavu, utakwaruza kioo. Pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, lenzi ipulizwe kwanza.

Mwenye simu tu asivute picha kwa vidole. Aweke jicho la simu kwenye jicho la darubini, azibe mwanga kwa ganja la mkono. Picha inatoka safi kuliko ya kuvutwa.

#8 KibandaMaiti_Jr

Na paa nunga? Kuna anayemwona kweli, au ni jina la kwenye bango tu?

#9 Mtondoo_71

Yupo, ila haonekani na mtu anayetembea. Duniani yuko Unguja na sehemu chache za misitu ya pwani ya Kenya, basi, na amewindwa sana kwa mbwa na nyavu. Makazi yake khasa ni maweni yenye vichaka virefu.

Namna ya kumtafuta ni kuwatafuta kima kwanza. Kima wakila juu wanaangusha majani, maua na matunda, na paa nunga anafuata chini yao kuokota. Ukipata kundi linalokula, usikae chini yao. Kaa mita 20 pembeni, upepo ukikujia usoni ukitokea kwao. Kaa chini, mgongo kwenye mti. Dakika 40 bila kusimama. Koti la mvua la plastiki linapiga kelele kila ukipumua, liache, vaa pamba. Manukato na dawa ya mbu yenye harufu kali navyo vinamfikia kabla yako.

Ukimwona, hakikisha si paa wa kawaida. Paa nunga ni mwekundu, ana mkanda mweupe unaokata matakoni na madoa meupe miguuni. Paa yule mdogo ni wa kahawia ya kijivu na anatingisha mkia upande kwa upande bila kuchoka. Yeye hutoka zaidi alfajiri na magharibi, paa nunga hutembea mchana.

Siku nyingi utatoka mikono mitupu. Kwenye subira hiyo hiyo lakini anapita sange, na yeye ana haki ya kutazamwa: pua ndefu inayochakura majani makavu, mbele mwekundu, nyuma mweusi. Ukisikia majani yanachakurwa kwa mpigo wa haraka na kusita, kusita na haraka, usigeuze kichwa. Zungusha macho tu.

#10 PondoMkononi

Mumesema ya nchi kavu, sasa ya chomboni.

Kuingia mahori ya Chwaka kunataka mtumbwi au ngalawa na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Mashine isifike ndani: inatia tope, inafukuza ndege, na mizizi inakula panga la mashine. Mnaweza kuondokea Chwaka, Charawe au Ukongoroni, kwa makubaliano na wenyeji na ruhusa ya hifadhi.

Kanuni ni kuingia na maji na kutoka kabla hayajakuacha. Ondokeni muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, mkondo uwasukume ndani, pondo iwe ya kuongoza tu. Fikeni ndani maji yakikaribia kusimama. Hapo kaeni kimya, pondo ikizamishwa topeni chombo kifungwe kwayo, msitupe nanga kwa kishindo. Yakianza kupwa, hesabuni saa moja, mtoke. Anayechelewa zaidi ya hapo kwenye bamvua anaachwa juu ya fungu, kwa sababu sehemu kubwa ya ghuba inakauka, na atakaa na jua mpaka maji yarudi, saa sita au zaidi. Kushuka kusukuma ni hatari: tope la karibu na mikoko linameza mpaka mapajani, na ndani yake kuna chaza wanaokata kama wembe.

Chukueni maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, kofia, na viatu vya kufungwa hata kama hamtarajii kushuka. Watu wanne kwa mtumbwi mmoja wawe ndio mwisho.

Ghuba imekingwa na rasi ya Michamvi, lakini kusi likikaza Juni mpaka Agosti maji ya wazi ya ghuba yanachafuka alasiri. Siku hizo mkae ndani ya hori, msikate ghuba.

#11 Shakwe_Mweupe

Ndege wa pwani sasa, na hapa naomba watu wasome taratibu maana ndio wanaokosewa zaidi.

Wageni wa kaskazini wanafika kuanzia Agosti na Septemba, wanaondoka Aprili. Mei mpaka Julai utakuta wachache tu, wengi wao wachanga ambao hawajaanza kuzaa. Kwa hiyo bamvua za Oktoba mpaka Machi ndizo za kuzifuata.

Maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege wametawanyika juu ya kilomita za tope, utaona nukta. Yakianza kupanda wanarudi nyuma hatua kwa hatua, wanakusanyika kwenye mafungu yaliyobaki, mwisho wanakuja ukingoni. Saa mbili za mwisho kabla ya kujaa ndizo zenye kitu. Kwenye maji mafu mkusanyiko huo haupatikani vizuri, kwa sababu tope halifunikwi lote.

Jua ndilo linaloamua usimame wapi. Kijiji cha Chwaka kinatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko machoni na kila ndege ni kivuli. Alasiri linakuwa mgongoni, rangi zote zinatoka. Na bamvua inajaa alasiri. Mwenyezi Mungu katupangia vizuri. Anayelala upande wa pili, Michamvi Kae, yeye anatazama magharibi, achukue asubuhi.

Wa kutafutwa kwanza ni ndege mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama patasi. Anakimbia, anasimama, anachoma. Hazalii kwetu, anataga ndani ya mashimo ya mchanga pwani za Arabuni na Pembe ya Afrika, kisha anashuka huku, na mara nyingi mtoto bado anamfuata mzazi akiomba chakula. Watazame vizuri: aliye kijivu mgongoni na anayelia kwa sauti ya kubembeleza ndiye mtoto.

Vitwitwi wadogo msijitese kuwatambua siku ya kwanza. Anzeni na wenye umbo lisilokosewa: mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, yangeyange, korongo, mdiria wa mikokoni mwenye mdomo mwekundu.

Darubini ya 8x42 inatosha msituni na ukingoni. Ya 10 inaonyesha karibu zaidi ila inatikisika, na msituni inapokea mwanga mdogo. Mwenye darubini ya miguu mitatu aipandishe mapema kabla ndege hawajakaribia, kisha asisimame. Mtu aliyekaa kwenye mchanga anavumiliwa, aliyesimama anarusha kundi zima. Kila wakirushwa wanachoma mafuta waliyoyakusanya kwa safari ya maelfu ya kilomita, kwa hiyo msiwarushe kwa ajili ya picha ya mbawa.

#12 PondoMkononi

Shakwe, sawa kabisa, ila niseme moja. Saa zako ni za pwani ya Chwaka. Aliye ndani ya hori la Mapopwe asizitumie. Mle ndani maji bado yanaingia wakati nje yameshasimama, na siku za bamvua yanatoka kwa nguvu. Mtu akipanga kwa saa ya nje atakosea wakati wa kuingia na wa kutoka. Alama ya kufuata ni mstari wa unyevu kwenye magongo ya mkoko. Ukiona unyevu umepanda kiganja kizima juu ya maji, yameshaanza kupwa, hesabu yako ya saa moja imeanza.

#13 Shakwe_Mweupe

Kweli, ami. Ahsante kwa kuniweka sawa. Wenye kupanga watumie alama hiyo.

#14 NingaWaKonde

Ami zangu wa Unguja, na Pemba mtutaje. Ngezi iko kaskazini magharibi, ukipita Konde kuelekea Vumawimbi, na si ndugu pacha wa Jozani. Udongo wake ni mzito, miti yake ni mirefu zaidi, mvule na mjoho, na hapa ndipo mtu anapokuja kwa ndege wasio na kwao kwengine: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kijindege cha manjano chenye duara jeupe machoni, na bundi mdogo wa Pemba. Wanne hao hawapo hata Unguja.

Bundi anatafutwa kwa sikio. Fika saa kumi na mbili kasorobo jioni, simama ukingoni mwa msitu. Anatoa mlio mmoja mfupi, "hu", ananyamaza, anarudia, na mwenzake anajibu. Msimpigie sauti za simu kumwita. Anaacha kuwinda akijibu, na aliyeitwa kila jioni anahama sehemu hiyo.

Popo wa Pemba wako Ngezi pia, lakini wanaonekana kwa urahisi zaidi Kidike. Mbawa zikitanuliwa zinafika mita 1.6. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha karibu wote kwa kuwindwa. Vijiji vikaunda vilabu vya kuwalinda, wakarudi kwa maelfu. Mchana wananing'inia, wanajipepea kwa bawa jua likiwa kali. Kuna mtindo wa mgeni kupiga makofi ili waruke. Usikubali hata mtembezaji akikuahidi. Mama anaruka na mtoto kifuani kwenye joto la saa saba, mwengine anadondosha. Subiri magharibi, wataondoka wenyewe, mmoja mmoja kisha kundi zima, wakielekea kwenye mishelisheli na miembe. Hawa hawasikilizi mwangwi kama popo wadogo. Wanaona na kunusa, kwa hiyo taa kali usoni inawapoteza njia.

#15 BintiMakunduchi

Nashukuruni sana, nimeshaandika ratiba. Swali la mwisho. Walimu wenzangu wanataka wabaki jioni bila watoto wasikilize komba na perere (pimbi wa mitini). Inawezekana, na taa gani?

#16 Mtondoo_71

Inawezekana, Mwalimu, kwa kupatana mapema na ofisi ya hifadhi, na lazima muwe na mtembezaji wao. Msiingie wenyewe.

Taa iwe nyekundu. Asiye nayo afunge karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili, kwa mpira. Mwanga mweupe unamwacha komba haoni kwa dakika kadhaa na anaweza kukosa tawi. Shikeni taa usawa wa jicho lenu, si kiunoni, ili mwanga wa macho yake urudi kwenu: nukta mbili za rangi ya makaa ya moto. Zikiruka mbali kwa mruko mmoja mrefu ni komba mdogo. Zikitembea juu ya tawi kwa utulivu ni komba mkubwa.

Perere hamtamwona kwa urahisi, mtamsikia. Huanza baada ya giza kuingia sawasawa, mlio mkavu unaopanda ngazi mpaka unakuwa kelele. Asiyeujua huogopa. Zimeni taa zote akianza, kaeni palepale. Akimaliza, elekezeni mwanga mwekundu kwenye shina nene lililo karibu na sauti, kimo cha mita tano mpaka kumi, mkianzia chini kwenda juu.

Na kwa mwezi 8 kutakuwa na nusu mwezi juu mpaka karibu saa sita za usiku, kwa hiyo njiani mtaona bila taa. Kaeni mpaka saa tatu, gari liwasubiri langoni, na mkirudi Makunduchi mpite matuta yote taratibu, maana ngawa na komba wanavuka saa hizo.